Majina Aliyoyajaribu Mugeta

Butiama
12 Januari 2026

Dada Pela,

Usishangae karatasi inanuka furu. Nimempa Kwangu muuza samaki aifiche chini ya samaki wake, na ukinijibu mpe yeye tu. Usinipigie simu, usitume meseji. Na tafadhali usije. Pasaka ile ulipomfokea Mugeta mbele ya watu, wewe ulipanda gari ukarudi Musoma, mimi ndiye niliyebaki kulipia.

Nadhani nachanganyikiwa. Wiki iliyopita nilikuwa peke yangu dukani, hakuna wa fotokopi wala wa kuchapa. Nikafungua kompyuta nikaandika barua kwa dawati la jinsia pale polisi. Niliandika yote ambayo mume wangu amenifanyia, kuanzia lile jino alilonivunja hadi mimba iliyotoka. Nilipomaliza nikaisoma, nikaogopa, nikaifuta. Sikuihifadhi, sikuichapa. Hakuna binadamu aliyeiona.

Mugeta aliporudi alifunga mlango, akavua shati ili lisichafuke, akaanza kunisomea ile barua kwa kichwa. Neno kwa neno, dada. Kila akifika kwenye nukta ananichapa kwa waya wa chaja. Pale nilipoandika "naomba msaada wenu" alicheka, akaparudia na kuparudia. Mwanangu Lucy alikuwa chini ya meza ameziba masikio. Hadi leo siwezi kuegemea kiti.

Anasema kuna mwanaume anayenifundisha kuandika hivyo, na anataka jina lake. Kila siku ana jina jipya. Mara mwalimu Ephraim anayechapisha mitihani kwangu, mara Baltazari wa duka la dawa, hadi katekista.

Nilianza kuamini ana uganga. Bibi Nyamburi akaniambia, "Huyo nimemlea mimi. Angekuwaga na uganga angekuwa tajiri." Halafu akaniuliza kompyuta yangu ilitengenezwa na nani. Ni Thadeo, rafiki yake Mugeta, ilipogoma Desemba. Aliondoa Windows iliyokuwepo akaweka nyingine ya kwake bure, akasema ni zawadi ya Krismasi.

Inawezekana kompyuta ikawa inaniangalia? Wewe ndiye fundi. Kama nimekuwa mwendawazimu niambie tu.

Mdogo wako,
Bhoke


Nyasho, Musoma
15 Januari 2026

Bhoke mdogo wangu,

Huna wazimu. Barua yako nimeisoma katikati ya kazi, mteja akaniuliza kama nimefiwa.

Sikiliza. Kuna programu ambazo mtu akiziweka kwenye kompyuta yako, kioo chako chote kinaonekana kwenye simu yake. Unachoandika anakisoma wakati huohuo unaandika. Kufuta hakusaidii, ameshaona. Thadeo hakukupa wewe zawadi, alimpa Mugeta dirisha. Siku nitakayomkuta huyo Thadeo stendi nitamwonyesha kazi nyingine ya bisibisi.

Kuisafisha hiyo Windows sikushauri. Ni ya kuchakachua, na hata ile halali ya toleo hilo wenyewe wameacha kuihudumia tangu Oktoba. Tena nikwambie kitu ambacho wateja wangu hawapendi kukisikia. Windows hata ukiinunua kwa hela yako si yako. Umeruhusiwa kukaa tu, na kuna vyumba humo ndani hutafunguliwa maisha yako yote. Linux haiko hivyo. Imeandikwa na watu wa dunia nzima na kila mwenye macho anaruhusiwa kuifungua aone ilivyoshonwa. Haina mwenye nyumba. Mashine zangu zote hapa dukani nilishazihamishia huko, na sijafa.

Kwenye mfuko wa dagaa utakuta flashi nimeifunga kwa nailoni. Subiri Mugeta aende mnadani kwenye udalali wake wa ng'ombe. Kazi za wateja zinakili pembeni, zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku unagonga F12. Itakuuliza kama ikae pamoja na Windows au ifute kila kitu. Chagua ifute. Usihurumie chochote. Kisha itauliza kama ifunge diski nzima kwa neno la siri. Kubali.

Neno lenyewe weka lile ambalo Mugeta hatalifikiria hata akikaa mbele yake mwaka mzima. Usiniambie mimi. Ukilisahau, hata mimi siwezi kuifungua, na huo ndio uzuri wake.

Ukimaliza andika ile barua ya polisi tena. Safari hii usiifute.

Dada yako mwenye hasira,
Pela


Butiama
21 Januari 2026

Dada Pela,

Imekubali! Mugeta yuko minadani upande wa Serengeti tangu Jumamosi, nikafanya jana asubuhi. Bibi alikaa mlangoni na fimbo yake magotini kama askari wa benki. Nilipofika kwenye kufuta nilisita kama mtu anayechinja kwa mara ya kwanza. Bibi akaniuliza nangoja nini, nikabonyeza.

Ile printa iliyomhangaisha Thadeo kutwa nzima imejitambua yenyewe. Mwalimu Ephraim alikuja na mtihani wake, akauliza Word iko wapi, nikamwambia imehama. Alinung'unika kwamba maandishi yamesogea. Nikayarudisha mahali pake, akaondoka ameridhika. Nimefanya kazi kutwa nzima nikiwa peke yangu kweli, bila mtu begani. Nilikuwa nimesahau kwamba hata kuchapa mtihani wa Jiografia kunaweza kumfurahisha mtu.

Nikamweleza Bibi ulivyosema, kwamba ile ya kwanza hata ukiilipia si yako. Alicheka mpaka akakohoa. "Kama Mugeta," akasema. "Anatembeaga anasema mke wangu, mke wangu, na ng'ombe zilizokuoa zilikuwaga zangu." Na ni kweli, nyumba yetu unaijua. Bibi hakujaliwa mtoto, akamwoa mwanamke kwa ng'ombe wake ili amzalie mrithi, nyumba ntobhu kama inavyofanyika huku. Yule mwanamke akamzaa Mugeta, akafa mtoto angali mchanga. Bibi ndiye aliyempa jina, ndiye aliyemkuza kwa maziwa ya ng'ombe haohao. Ndiyo maana ninapopigwa Bibi hugeuza uso. Zamani nilimchukia kwa hilo, siku hizi namhurumia. Hana mwingine.

Kuna jambo moja dogo. Jana mchana Mugeta alipiga simu. Hakunisalimia, aliuliza kompyuta ina nini. Nikasema umeme umekatika. Akasema, "Sawa. Nakuja." Nilitegemea atarudi mwisho wa wiki. Labda mnada umekuwa mzuri.

Kesho Bibi anakwenda msibani Buhemba, nitabaki na Lucy. Barua ya polisi nimeshaianza. Nimefika kwenye jino.

Bhoke


Manyamanyama, Bunda
22 Januari 2026

Bhoke,

Ukiipata hii usimalize kuisoma. Mchukue Lucy uende kwa Kwangu, ukae huko mpaka nifike.

Nilifurahi na barua yako hadi nilipofika kwenye ile simu. Mimi fundi mzima nilifikiria mashine, sikumfikiria mtu. Dirisha likifungwa, anayechungulia ndiye wa kwanza kujua. Nilikwambia ufute kila kitu, ukafuta, na huko alikokuwa simu yake ikawa giza. Hakuhitaji kuambiwa na mtu yeyote. Nimekufungia mlango nikiwa nimemwachia yeye ufunguo wa nyumba, Bhoke, na nitalikumbuka hili hadi nife.

Simu yako haipatikani. Kwa kuwa ulinikataza kuja nikakimbilia huku Bunda kwa kaka Felisian, kwamba yeye kama mwanaume wa ukoo aende akaseme na shemeji yake. Hataki. Ng'ombe wa mahari yako ndio aliooa nao yeye, anasema ukirudi nyumbani Mugeta atawadai na zizi litabaki tupu. Alikuwa anasema hivyo huku anamega ugali. Nikaipindua sahani yake. Akanipiga kofi mbele ya mke wake na watoto, nami nikamvurumishia kikombe cha chai usoni. Ameshonwa juu ya jicho. Hatuna kaka tena, wala simlilii.

Barua hii naituma kwa bodaboda kutoka hapa hapa. Kufika Jumatatu nisipopata neno lako, nakuja, unikataze usinikataze.

Pela


Butiama
24/1/2026

Kwa dada yangu mpendwa Pelagia,

Pokea salamu nyingi zisizo na idadi. Mimi huku ni mzima wa afya, wasiwasi ni kwako wewe uliye mbali na macho yangu. Dhumuni la kuandika barua hii ni kukujulisha kwamba barua yako nimeipata na nimefurahi. Mimi na mume wangu mpendwa tunaishi kwa amani na upendo, na yale niliyokuandikia zamani yalikuwa ni hasira za kawaida za ndani ya nyumba.

Simu yangu imeharibika. Pia ile kompyuta imefunga, inadai jina, na mimi lile jina nililoliweka nimelisahau kabisa. Wateja wanasubiri na kazi imesimama. Naomba unikumbushe ni jina la nani, au unieleze njia nyingine ya kuifungua. Mpe dereva wa Hiace barua, ataifikisha.

Usihangaike kuja, barabara ni mbaya kwa mvua hizi. Mume wangu anakusalimu sana.

Ni mimi mdogo wako mtiifu,
Bhoke Mugeta


Nyasho, Musoma
26 Januari 2026

Mugeta,

Umejitahidi. Mwandiko umeuiga hadi mkia wa ile g. Lakini Bhoke hajawahi kunisalimia hivyo tangu azaliwe, hiyo ni barua ya mtihani wa darasa la saba. Na mimi nilimwambia aweke neno. Wewe umeandika jina, jina la nani, kwa sababu unatafuta mwanaume hata ndani ya mashine.

Barua yangu ya Bunda ilifika mikononi mwako, kwa hiyo unajua jinsi ninavyoogopa. Sitajikaza bure.

Kuifungua naweza. Lakini si kwa barua, lazima niwe nimekaa mbele yake. Kesho saa nne asubuhi nitakuwa uani kwa Bibi Nyamburi na vifaa vyangu. Nitaifungua ukiwa unaangalia, utafute humo unachokitafuta hadi uchoke. Sharti langu ni kwamba nimkute Bhoke amekaa kwenye kiti, yu hai, na anaongea.

Nikikuta vinginevyo, mimi siyo Felisian. Nitakufuata kila mnada wa mkoa huu, na nikikupata sitakuja na bisibisi.

Pelagia


Butiama
22 Februari 2026

Dada Pela,

Usihangaike na mwandiko, ni wa mkono wa kushoto na bado unajifunza. Simu uliyoniletea ninayo, ila kuna mambo siwezi kuyatamka Lucy akiwa karibu, na yeye sasa haniachi hata nikienda chooni. Kwa hiyo nimerudi kwenye karatasi na kwa Kwangu.

Kwanza acha kuniomba msamaha. Siku ile ulipokuja na yule askari wa kike, ulikuta uani pamejaa watu, Mugeta amefunikwa kanga. Hukuniuliza kitu, ulinishika tu. Hiyo inatosha. Leo nakuandikia yale ambayo ulikuja yakiwa yameshakwisha.

Alirudi siku ileile Bibi alipoondoka kwenda msibani, nami hiyo barua yako ya Bunda sikuiona. Alianza kwa upole. Alikaa mbele ya kompyuta, akaniambia nitaje jina nililoifungia. Nikasema silitaji. Akaandika Ephraim, ikamkatalia. Akanishika mkono wa kulia, akaulaza kwenye kizingiti, akashusha mchi wa kinu kwenye kidole kimoja. Akarudi akaandika Baltazari. Ikamkatalia, akarudi kwenye mkono. Akamwandika katekista. Akamwandika Thadeo, rafiki yake mwenyewe aliyemwekea ule mtego. Kila jina likikataa alinifuata mimi, kama vile mimi ndiye niliyekuwa namkatalia kutoka ndani. Vidole vilikwisha, majina hayakwisha. Akaendelea hadi akaandika wanaume waliokwishakufa.

Halafu alinifungia stoo ya mkaa. Alimwambia Bibi aliporudi kwamba nimekwenda kwako Musoma kutibiwa. Lucy naye akatishiwa kwamba akisema neno atafungiwa na mimi. Nilikuwa nawasikia wakila. Nilishindwa kuita kwa sababu alikuwa ameniapia kwamba nikiita ataanza na mtoto.

Utauliza kwa nini sikumwambia Mugeta lile neno. Humo ndani hakukuwa na chochote cha kufia. Mitihani ya watoto, wasia wa mzee mmoja, na barua yangu ya polisi iliyoishia kwenye jino. Ningemwambia siku ya kwanza ningebaki na vidole vyangu. Lakini Pela, tangu niolewe hakuna kitu katika nyumba ile kilichowahi kufungwa na mimi, yeye akawa nje. Hiki kilikuwa cha kwanza. Nilikaa kwenye mkaa mkono umevimba kama kiazi, nikawa nasikia furaha fulani mbaya. Usimwambie mtu hilo.

Barua yako ilifika Jumanne na Hiace ya kwanza. Aliisoma amesimama uani, akacheka. Akaja stoo na panga. Alinivuta kwa nywele hadi kwenye kinu, akaulaza juu yake mkono wangu wa kushoto, huu ninaoandikia. Akasema Pelagia atanikuta nimekaa kwenye kiti kama alivyoomba, na nitakuwa hai, ila sitakuwa na mikono ya kuandikia, na wewe ukishaifungua mashine itakuwa zamu yako. Akaniambia nitaje jina kwa mara ya mwisho.

Hapo ndipo Bibi alipotoka jikoni. Hakujua kama nilikuwa stoo, uso wake ulionyesha hajui. Alinitazama, akautazama mkono, akauokota mchi. Mchi uleule. Akasema taratibu, "Mugeta, mwachie. Aliolewa kwa ng'ombe zangu, kwenye nyumba yangu. Na wewe pia nilikutafuta kwa ng'ombe zangu." Mugeta akamwambia anyamaze, mwanamke mkavu asiyezaa hana la kumwambia mwanaume. Akainua panga.

Bibi alimpiga kisogoni. Alianguka juu ya kinu na kinu kikaanguka juu yangu. Alikuwa ameshalegea, panga limetoka mkononi. Bibi akapiga tena. Akapiga tena na tena. Pigo la kwanza lilikuwa la kuniokoa mimi, hiyo najua na nitaisema mahakamani. Yaliyofuata sijui alikuwa anampigia nani, labda miaka yote aliyogeuza uso. Alipiga hadi mchi ukamteleza mikononi kwa damu, na mimi sikumwambia aache. Hiyo nayo nitaisema.

Kisha alimfunika kwa kanga yake, akanawa, akakaa kungoja watu. Jicho lake lilikuwa kavu.

Wewe ulipompeleka Lucy kumtafutia chai kwa jirani, Bibi alimwomba yule askari kwamba maelezo yake niyaandike mimi kwenye ile mashine isiyo na mwenyewe. Hakutaka mtu mwingine amwekee maneno mdomoni. Yule mama akakubali, akasema atayasoma na kusaini. Nikaiwasha. Ilipodai neno nikaliandika kwa kidole kimoja cha kushoto, polepole, na Bibi akaona vile vinukta vinavyojipanga.

"Ndilo hilo lililomtesa?" akaniuliza. Nikasema ndilo. Akauliza ni neno gani.

Nilifikiria kumdanganya. Wewe uliniagiza niweke lile ambalo hatalifikiria hata akikaa mwaka mzima, na mimi nilijua palepale. Nikamwambia Bibi ukweli. Nilikuwa nimeandika Mugeta. Alijaribu jina la kila mwanaume aliyewahi kumwona, wazima na wafu, la kwake hakulijaribu hata mara moja.

Bibi hakulia alipompiga, na hakulia walipomfunga pingu. Alilia hapo. Alishika ukingo wa meza akalirudia lile jina kama anavyoitwa mtoto aliyekwenda kucheza, aje ale, na yule askari akageukia ukutani.

Yuko mahabusu Musoma, kwa hiyo wewe uko karibu naye kuliko mimi. Mpelekee uji wa ulezi, usitie sukari nyingi, na umwambie kuwa ng'ombe wake nawachunga mimi na Lucy. Felisian amenitumia ujumbe kwamba nirudi Bunda. Sirudi. Hii ni nyumba ya Bibi na mimi ni wa nyumba hii.

Duka nimelifungua tangu juzi. Nachapa kwa mkono mmoja, wateja wanavumilia. Ukimaliza kumwona Bibi pitia huku, nina shida na mashine na sitaki fundi mwingine aiguse. Nifundishe kubadilisha neno la siri. Kila asubuhi nikitaka kuanza kazi lazima niandike jina lake.

Mdogo wako,
Bhoke